Seva mpya isilaumiwe, ukimya wa programu ndio hasara

HAKUNA mfanyabiashara anayefurahi kuambiwa kwamba mtambo wake umeboreshwa, halafu kesho yake akakuta kazi zimesimama. Lakini ndivyo inavyowapata wenye maduka ya pembejeo, vyama vya ushirika na wauzaji wadogo ambao siku hizi hupokea oda na kutunza mauzo yao kwenye tovuti.

Mfano ni duka la pembejeo lenye mfumo mdogo wa kupokea oda za mbolea na mbegu. Mkulima anaagiza kwa simu, analipa, na mfumo unamtengenezea stakabadhi ya PDF ambayo ataionyesha ghalani ili apewe mzigo. Usiku mmoja fundi anapandisha toleo la seva. Asubuhi tovuti inafunguka, picha zinaonekana, bei ziko mahali pake, hata malipo yanapokelewa. Stakabadhi tu ndiyo haitoki.

Mkulima aliyekwisha kulipa anafika ghalani mikono mitupu. Mtunza ghala anakataa kutoa mifuko bila karatasi, na ana haki. Mwenye duka akiulizwa hana jibu, kwa sababu kwenye kompyuta yake hakuna hata neno moja linalosema kuna kosa mahali fulani.

Hapo ndipo lawama zinapoanza. Mwenye duka anamlaumu fundi, fundi anailaumu seva mpya, na anayekodisha seva anaapa kwamba mtambo wake ni mzima. Tatizo ambalo lingeweza kumalizwa kwa nusu saa linakaa siku tatu, na siku tatu za msimu wa kupanda si kitu kidogo.

Kinachosahaulika katika mabishano hayo ni kwamba mara nyingi seva mpya haikuleta ugonjwa, bali imeufichua. Ugonjwa wenyewe ni skripti iliyoandikwa bila kuuliza kama kazi iliyoagizwa imefanyika. Mwenye biashara asipolielewa hilo, atalipia matengenezo yaleyale kila toleo jipya linapokuja.

Skripti hutuma, haifanyi

Tovuti nyingi za biashara ndogo zimeandikwa kwa lugha ya PHP na zinakaa kwenye seva zenye mfumo wa Linux. Skripti ya PHP hupokea oda na kuiandika kwenye hifadhidata. Lakini kazi kama kutengeneza PDF, kupunguza ukubwa wa picha ya zao, au kufungasha mafaili ya nakala ya akiba, mara nyingi haizifanyi yenyewe. Huandika amri na kuituma programu nyingine iliyomo ndani ya seva hiyohiyo. Inaweza kuwa ImageMagick kwa picha, Ghostscript au wkhtmltopdf kwa PDF, au skripti ndogo ya Python kwa hesabu za kufunga siku.

Ni sawa na mama anayemtuma mtoto kusagisha mahindi. Mama hasagi, hutoa debe, hela na maelekezo. Ili unga urudi nyumbani, mtoto lazima ajue mashine iliko, aruhusiwe kuingia, mashine iwe inafanya kazi, na unga upate chombo cha kuwekwa. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, unga haurudi.

Tofauti ni moja. Mtoto akirudi na debe tupu, mama atamwuliza kulikoni. Skripti nyingi haziulizi. Huendelea na kazi iliyo mbele kana kwamba unga umeshafika, zikamwandikia mteja kwamba oda yake imekamilika.

Seva inapopandishwa toleo, karibu kila kitu katika safari hiyo ya mtoto kinaweza kubadilika. Mashine imehamishwa, mlinzi wa getini ni mwingine, na chombo cha unga kimewekwa chumba kingine. Mama hana habari, kwa hiyo anaendelea kutuma kama alivyozoea.

Mahali amri zinapokatikia

Sababu ya kwanza ni jina. Programu iliyoitwa kwa jina fulani kwenye seva ya zamani huenda haipo kabisa kwenye mpya, au ina jina jingine. Mfano unaojulikana ni wa Python. Toleo la 2 la lugha hiyo liliacha kuhudumiwa na watengenezaji wake Januari 1, 2020. Ubuntu 20.04 ilipotoka Aprili mwaka huohuo, haikuja tena na amri iitwayo python. Iliyokuwapo ni python3. Skripti zilizokuwa zikiita jina la zamani ziliweza kukwama siku ya kuhama, ingawa hakuna aliyezigusa hata herufi moja. ImageMagick nayo, kuanzia toleo la 7, inataka iitwe magick badala ya convert iliyozoeleka kwa miaka mingi.

Sababu ya pili ni njia. Fundi akiingia kwenye seva na kuandika amri kwa mkono wake, inakubali. Skripti ikituma amri ileile, inakataa. Fundi anashangaa na kusema seva ina mashetani. Hakuna shetani hapo. Akaunti ya fundi ina orodha ndefu ya mahali pa kutafuta programu, wakati seva ya tovuti ina orodha fupi, na pengine imefutiwa kabisa mazingira iliyoyarithi. Dawa yake ni nyepesi: skripti iandike njia kamili, kwa mfano /usr/bin/python3, badala ya kutaja jina tupu na kutegemea bahati.

Sababu ya tatu ni akaunti na ruhusa. Seva ya tovuti haifanyi kazi kwa jina la fundi. Kwenye Debian na Ubuntu hutumia akaunti iitwayo www-data. Kwenye jamii ya Red Hat mara nyingi ni apache. Mtu anayehama kutoka jamii moja kwenda nyingine akanakili mafaili jinsi yalivyo, anaweza kukuta folda ya stakabadhi ni mali ya akaunti ambayo kwenye seva mpya haipo. Programu inaitwa, inaanza kazi, inashindwa kuandika faili, inakufa.

Sababu ya nne ni folda ya muda, na hii imewasumbua hata mafundi wazoefu. Kwa miaka mingi skripti ziliweka faili ndani ya /tmp, na programu nyingine ikalikuta hapohapo. CentOS 7, iliyotoka mwaka 2014, iliipa seva ya tovuti /tmp yake ya faragha, isiyoonekana na huduma nyingine. Skripti inaandika faili, programu iliyo nje ya seva ya tovuti inakwenda kulichukua, haikuti kitu. Fundi naye akichungulia /tmp haoni chochote, anadhani skripti haikuandika. Kumbe imeandika, ila katika chumba kingine chenye jina lilelile.

Sababu ya tano ni walinzi. Kwenye Linux za jamii ya Red Hat yupo SELinux, aliyeanza kuwashwa moja kwa moja na Red Hat Enterprise Linux 4 mwaka 2005. Huyu anaweza kuizuia programu hata kama ruhusa za kawaida za faili ziko sawa, kwa sababu yeye huuliza swali jingine: seva ya tovuti ina kazi gani na programu hii? ImageMagick pia ina mlinzi wake. Mwaka 2016 uligunduliwa udhaifu uliopewa jina la ImageTragick, uliomwezesha mtu kupenyeza amri ndani ya picha. Mwaka 2018, baada ya udhaifu mwingine kuonekana kwenye Ghostscript, Ubuntu ilitoa marekebisho ya usalama yaliyoizuia ImageMagick kushughulikia PDF mpaka mwenye seva aruhusu mwenyewe. Tovuti zilizokuwa zikitengeneza PDF kwa njia hiyo zilisimama, na sababu ilikuwa mstari mmoja katika faili liitwalo policy.xml.

PHP yenyewe nayo ina kufuli. Zamani kulikuwa na hali iliyoitwa safe_mode, iliyobana programu zinazoweza kuitwa. Iliondolewa katika PHP 5.4 mwaka 2012. Iliyobaki hadi leo ni orodha ya disable_functions, ambayo wakodishaji wengi wa seva huitumia kufunga exec na ndugu zake. Kabla ya PHP 8.0, kuita kazi iliyofungwa kulitoa onyo na skripti ikaendelea. Tangu toleo hilo litoke Novemba 2020, kazi iliyofungwa huhesabiwa kuwa haipo, na skripti inasimama palepale kwa kosa kubwa. Wako waliolalamika. Ukweli ni kwamba afadhali skripti inayosimama na kupiga kelele kuliko inayodanganya.

Swali lisiloulizwa

Kwa sababu hizo zote tano, dalili kwenye kioo ni moja: hakuna kinachotokea. Hapa ndipo ilipo hoja. Kama dalili ni moja na sababu ni tano, kubahatisha ni kupoteza muda. Inatakiwa programu iliyoshindwa iulizwe yenyewe, nayo ina majibu, ila watu hawayasikilizi.

Kila programu ya Linux inapomaliza kazi huacha namba. Sifuri maana yake imefanikiwa. Ikirudi 127, amri haikupatikana. Fundi atazame jina na njia. Ikirudi 126, amri imepatikana lakini haikuweza kuendeshwa, atazame ruhusa. Ikirudi 137, programu imeuawa kwa nguvu, na mara nyingi ni seva iliyoishiwa na kumbukumbu. Namba hizo ni bure, hazihitaji kununuliwa.

Lakini skripti nyingi hutumia shell_exec, ambayo hurudisha maandishi tu bila namba. Anayetumia exec anaweza kuipata namba hiyo katika nafasi ya tatu ya amri yake, ila waandishi wengi huiacha nafasi hiyo wazi. Mstari mmoja zaidi ungetosha kumwambia mwenye duka kwamba stakabadhi haikutengenezwa.

Zaidi ya namba, programu huandika malalamiko yake kwenye mlango wa makosa, ambao ni tofauti na mlango wa majibu ya kawaida. PHP husoma mlango wa majibu peke yake. Fundi akiongeza alama 2>&1 mwishoni mwa amri, milango hiyo miwili inaunganishwa, na yale yaliyokuwa yakisemwa gizani yanaonekana. Mara nyingi jibu lote limo humo: faili halipo, ruhusa imekataliwa, sera ya usalama hairuhusu.

Bila alama hiyo, Apache huyaandika malalamiko hayo katika daftari lake la makosa. Kwenye Debian na Ubuntu daftari hilo hukaa /var/log/apache2, na kwenye jamii ya Red Hat hukaa /var/log/httpd. Ila pana mtego. Seva nyingi mpya huendesha PHP nje ya Apache, kupitia huduma iitwayo PHP-FPM. Ndivyo ilivyo kwa kawaida katika Red Hat Enterprise Linux 8, ya mwaka 2019. Huduma hiyo, isipoelekezwa vinginevyo, huyatupa malalamiko ya programu zinazoitwa. Kwa hiyo seva iliyokuwa ikinung'unika zamani, baada ya kupandishwa toleo imekuwa bubu. Kuna mpangilio uitwao catch_workers_output. Ukiwashwa, sauti inarudi.

Fundi makini hujaribu amri ileile kwa akaunti ya seva, si kwa yake. Kwa Ubuntu ataandika sudo -u www-data kisha njia kamili ya programu. Ikikataa hapo, ni suala la ruhusa au njia. Ikikubali hapo lakini ikakataa kupitia tovuti, basi ageukie yale ambayo jaribio hilo haliyagusi: /tmp ya faragha, SELinux, kufuli za PHP na mazingira yaliyofutwa. SELinux naye kwa kawaida huandika anachozuia katika /var/log/audit/audit.log. Kwa mpango huo, sababu tano zinapungua kuwa mbili, na mbili zinakuwa moja, bila kubahatisha.

Dawa zinazoua mgonjwa

Kwa bahati mbaya, wengi hawafuati mpango huo. Mwenye duka anapiga simu kila dakika tano, wakulima wako ghalani, na fundi anataka kuonekana amefanya kitu. Hapo ndipo dawa tatu za haraka hutumika, na zote ni sumu.

Ya kwanza ni kufungua folda zote kwa ruhusa ya 777, maana yake kila akaunti iliyomo ndani ya seva inaweza kusoma, kuandika na kuendesha kilichomo. Ya pili ni kumzima SELinux asionekane tena. Ya tatu, iliyo mbaya kuliko zote, ni kuiruhusu seva ya tovuti iendeshe amri kwa akaunti ya root, yaani msimamizi mkuu asiyekatazwa chochote.

Stakabadhi zinaanza kutoka, simu zinanyamaza, fundi analipwa. Lakini duka limevunjwa mlango kwa sababu ufunguo ulipotea. Skripti inayotuma amri nje ni mahali pa hatari hata katika siku za kawaida. Kama skripti inachukua jina alilojiandikisha mteja na kulibandika ndani ya amri bila kulifunga kwa escapeshellarg, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika jina lenye amri yake ndani, na seva ikaitii. Ikiwa seva inafanya kazi kwa akaunti ndogo chini ya ulinzi wa SELinux, hasara inaweza kuishia kwenye folda moja. Ikiwa inafanya kazi kama root, hasara ni hifadhidata yote: majina ya wakulima, namba zao za simu na madeni yao.

Ni halali kumlegeza mlinzi mahali panapohitajika. Folda ya stakabadhi ikabidhiwe kwa www-data peke yake. SELinux apewe ruhusa ya jambo lile moja lililozuiwa. Mstari wa policy.xml ufunguliwe kwa tovuti inayotengeneza PDF zake yenyewe, si kwa ile inayopokea PDF kutoka kwa kila mpita njia. Kazi hiyo inachukua saa moja zaidi, na mwenye biashara anapaswa kukubali kuilipia saa hiyo.

Kutopandisha si kinga

Wapo wanaosema njia rahisi ni kuiacha seva jinsi ilivyo. Inafanya kazi, ya nini kuigusa? Hoja hiyo ina uzito kwa mtu aliyewahi kuunguzwa, na haifai kudharauliwa. Kila toleo jipya lina gharama, na mfanyabiashara mdogo hana idara ya kompyuta.

Lakini seva ya zamani haibaki ilivyokuwa. Hudhoofika bila kuguswa, kwa sababu udhaifu mpya unagunduliwa na hakuna wa kuuziba. PHP 7.4 iliacha kupata marekebisho kutoka kwa watengenezaji wake Novemba 2022. CentOS 7 ilifikia mwisho wake Juni 30, 2024. Hata programu zinazoitwa na skripti huzeeka: hifadhi ya msimbo wa wkhtmltopdf, iliyotumika kutengeneza ankara katika mifumo mingi, ilifungwa na wenyewe mwaka 2023.

Somo kubwa lilitolewa Septemba 2014, udhaifu wa Shellshock ulipotangazwa. Ulikuwa ndani ya Bash, programu inayopokea na kuendesha amri kwenye Linux, na ulikuwa umekaa humo kwa zaidi ya miaka 20. Skripti za seva zilizokuwa zikiitumia Bash ziliweza kushambuliwa kutoka mbali na mtu asiye na nywila yoyote. Wenye seva zilizokuwa bado zinahudumiwa walipata marekebisho ndani ya siku chache. Wenye seva zilizoachwa walibaki na mlango wazi. Kukwepa toleo jipya kwa kuogopa stakabadhi kukwama ni kukimbia mvua na kujificha chini ya mti wenye radi.

Anachopaswa kudai mwenye biashara

Mwenye duka hahitaji kujua PHP, kama ambavyo mkulima hahitaji kujua kufua injini ya trekta. Anachohitaji ni kujua cha kudai kabla hajatoa ruhusa seva iguswe.

Adai kwanza orodha. Fundi aandike kwenye karatasi programu zote za nje ambazo skripti zinaziita, matoleo yake, folda zinazoandikiwa na akaunti inayotumika. Kwa mfumo wa duka, karatasi moja inatosha. Fundi asiyeweza kuitoa orodha hiyo haujui mfumo anaotaka kuupandisha.

Adai pia majaribio kwenye seva ya pembeni. Kukodi seva ndogo kwa siku chache, ukanakili mfumo na kujaribu kutoa stakabadhi, picha na ripoti, ni gharama ndogo ukilinganisha na siku moja ya ghala kusimama. Majaribio hayo yafanywe kupitia tovuti yenyewe, kama mteja anavyofanya. Kuandika amri kwa mkono hakutoshi, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Seva ya zamani nayo isizimwe siku hiyohiyo, ili mambo yakiharibika pawe na pa kurudi.

Jambo jingine ni tarehe. Hakuna sababu ya kupandisha toleo wiki ya kwanza ya masika, wakati kila mkulima anatafuta mbegu, wala siku za kufunga malipo ya mazao. Msimu mfu upo. Kazi za namna hiyo ziwekwe humo.

Mwisho, na hili ndilo kubwa, adai skripti inayosema ukweli. Kila amri inayotumwa nje irudi na namba yake, na namba hiyo isomwe. Faili linalotarajiwa likaguliwe kama lipo na lina kitu ndani, kwa sababu zipo programu zinazorudisha sifuri huku zikiacha faili tupu. Kosa likitokea, mteja aambiwe stakabadhi yake imechelewa na mwenye duka atumiwe ujumbe palepale. Oda iwekwe alama ya kusubiri, isiandikwe kwamba imekamilika. Pale ambapo PHP ina maktaba ya kutosha ya kutengeneza PDF yenyewe bila kumtuma mtu nje, maktaba hiyo itumike, kwani safari isiyokuwapo haina pa kukatikia.

Mafundi nao wana malalamiko yao, na ni ya kweli. Wanaajiriwa kwa kazi moja moja, kwa bei ya kubishaniwa, na hakuna anayetaka kulipia majaribio kwa sababu majaribio hayaonekani. Mwenye duka hulipa haraka moto unapowaka, lakini huona gharama ya ndoo ya mchanga ni wizi. Fundi anayejua atalipwa kwa kuzima moto peke yake hana sababu ya kuuzuia. Makubaliano ya maandishi, hata ya ukurasa mmoja, yataje kwamba malipo ya kupandisha toleo yanajumuisha orodha, majaribio na ukaguzi wa wiki ya kwanza.

Kwa vyama vya ushirika hili ni zito zaidi. Stakabadhi ya duka ikipotea, mteja anarudi kesho na kugomba. Stakabadhi ya mzigo wa mkulima isipotengenezwa, kilo zake hazina ushahidi, na ubishi wa kilo umevunja vyama vingi kabla hata kompyuta hazijafika vijijini. Kamati inayokagua mizani kila msimu haina sababu ya kutokagua programu inayoandika matokeo ya mizani hiyo.

Matoleo mapya yataendelea kuja, na kila moja litahamisha kitu fulani mahali kilipozoeleka kuwa. Hilo haliwezi kuzuiwa na mwenye duka wala na fundi wake. Kinachowezekana ni kuhakikisha kwamba siku mtoto akirudi na debe tupu, nyumbani yupo mtu wa kumwuliza kabla wageni hawajakaa kusubiri ugali.